Kabla Hujaongeza Kifurushi, Angalia Ruta

Ikifika saa mbili usiku, simu tano na runinga ziko kwenye Wi-Fi moja, na kila kitu kinakwama. Wengi wetu hukimbilia kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Ngoja kwanza. Keti karibu na ruta, toa vifaa vingine kwenye Wi-Fi, kisha upime kasi kwa simu moja. Ukipata kasi unayolipia, basi kifurushi huenda hakina shida. Kagua ruta na mahali ilipowekwa.

Ukinunua mpya, chukua ya bendi mbili. 2.4 GHz hufika mbali na hupenya ukuta wa mawe vizuri kiasi. 5 GHz ina kasi zaidi, lakini ukuta huipunguza nguvu. Wi-Fi 6 imeundwa kuhudumia vifaa vingi kwa pamoja. Wingi wa antena usikubabaishe. Pia uliza mtoa huduma wako kama ruta hiyo itafanya kazi kwa laini yake, maana ya SIM na ya faiba si kitu kimoja.

Ukilipa kwa Till, soma jina la anayelipwa kabla hujathibitisha malipo. Kama si la duka, usilipe, uliza kwanza. Meseji ya malipo usiifute, utaihitaji ukidai waranti.