Mtaa Umependeza, Mpangaji Kaenda Wapi?

Sinza na Manzese ni majirani jijini Dar es Salaam, tena ziliguswa na mpango mmoja. Kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali iliachana na bomoabomoa ya makazi duni ikashika njia mbili. Sinza ilipimwa viwanja na kuchorewa barabara kabla watu hawajajenga. Manzese walikwishajenga, kwa hiyo mabomba na barabara vilipenyezwa katikati ya nyumba zao. Kote kuwili waliokusudiwa ni watu wa kipato kidogo.

Leo ardhi ya Sinza ni ghali. Watafiti waliolinganisha mitaa ya aina hizo mbili wanasema kupima mapema ndiko kulikolipa. Sibishi. Lakini hiyo ni hesabu ya ardhi na majengo. Mimi namtafuta mtu.

Ichukue nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani. Mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele, vingine kapangisha. Mtaro ukichimbwa na lami ikifika, kiwanja chake kinapanda thamani hata akiwa usingizini. Mama lishe wa chumba cha nyuma, aliyekanyaga tope lile lile miaka kumi, anaambiwa kodi imepanda, alete ya miezi sita kwa mkupuo. Akishindwa anahamia Chanika, na nauli inakula faida ya chapati zake. Sheria iliyodhibiti kodi za pango ilifutwa 2005. Hata barabara ikipanuliwa, fidia ya jengo humfuata mwenye jengo.

Magomeni Kota, jijini humo humo, ilikwenda tofauti, ingawa kwa mateso. Nyumba za zamani zilibomolewa, wapangaji wakatawanyika, wakakaa miaka wakidai walichoahidiwa. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza wajengewe, na wakirudi wakae miaka mitano bila kodi. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa yenye nyumba 656. Kaya zilizokuwa zikisubiri ni 644. Hao walikuwa wapangaji, si wenye ardhi! Kaya zao zilihesabika, na hawakuchoka kudai.

Manzese nako mjumbe anajua nani analala chumba kipi, na tangu lini. Majina hayo yaandikwe kwenye daftari la serikali ya mtaa, wapangaji kwa wenye nyumba, kabla greda halijafika.