Anayeshuka Humpandisha Mwenzake

Familia nyingi zinazokuja likizo Machakos hupenda kufika Kya Mwilu, upande wa Kituluni. Watoto humwaga maji barabarani, na maji yakaonekana yakipanda mlima. Dereva huzima injini, huachilia breki, na gari likaanza kujongea kuelekea upande ambao kila aliyepo angeapa kuwa ndio wa juu. Kwetu sisi wa Katelembo si safari ndefu, na ningependa kila mzazi awapeleke wanawe. Somo la reli za milimani linaanzia hapo, kwa kuwa hapo ndipo mtu anapojionea kwamba jicho halijui kupima mteremko.

Barabara za namna hiyo zipo pia kwingineko. Canada wanayo ya Moncton na Uskoti wanayo Electric Brae. Mwaka 2003, mtafiti Paola Bressan wa Chuo Kikuu cha Padova, Italia, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya majaribio yao. Walitengeneza vielelezo vidogo vya barabara za milimani, wakawaalika watu kuvitazama. Ilionekana wazi kwamba upeo wa macho ukifichwa na vilima, mtu hukosa kitu cha kulinganishia. Kipande chenye mteremko mpole kikipakana na chenye mteremko mkali, kile cha kwanza huonekana kama kinapanda. Simulizi za wazee kuhusu Kya Mwilu ni mali yetu na zinastahili kutunzwa, lakini maji yenyewe yanashuka kama yanavyoshuka kila mahali. Fundi mjenzi akiweka pimamaji yake juu ya lami ataliona hilo.

Ndiyo maana wahandisi wa reli hawasemi mlima ni mkali au ni mpole. Wanasema asilimia. Mteremko wa asilimia 2 maana yake ni kwamba ukienda mita 100 kwa mlalo, umepanda au umeshuka mita 2. Kwa mtu anayetembea kwa miguu hiyo ni karibu tambarare. Kwa treni tayari ni mlima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo sana, na hapo ndipo faida ya treni ilipo, kwani mzigo mkubwa huvutwa kwa nguvu ndogo. Tatizo ni kwamba gurudumu hilohilo halina cha kung'ang'ania njia inapoinuka.

Tufanye hesabu. Treni ya tani 300 kwenye mteremko wa asilimia 2 huvutwa nyuma na uzito wake kwa nguvu ya takriban tani 6. Injini ya tani 50, reli ikiwa kavu, huweza kushika kwa kiasi cha robo ya uzito wake, yaani tani 12 hivi, kwa hiyo itapanda. Tuinue sasa njia hadi asilimia 50. Treni ileile itavutwa nyuma kwa zaidi ya tani 130. Hata tukiyakata mabehewa yote na kuiacha injini peke yake, uzito wake utaivuta chini kwa tani 22, na magurudumu yake hayashiki hata tani 12. Itateleza. Kuongeza makaa au nguvu-farasi za injini hakusaidii chochote, maana hapa kinachokosekana ni mshiko.

Wajenzi wa Reli ya Uganda walikabiliana na hali hiyo hapa kwetu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilipita nyanda za Kapiti na Athi, ikaiacha Machakos milimani kwake, na mwishoni mwa Mei 1899 ikafika Nairobi. Kutoka hapo ilipanda nyanda za juu za Wakikuyu hadi ukingo wa Bonde la Ufa. Msafiri anayepitia barabara ya Mai Mahiu anaujua ukingo huo. Ardhi inakatika ghafla, na sakafu ya bonde inaonekana mbali chini.

Mhandisi mkuu, George Whitehouse, alijua kwamba njia ya kudumu ingelazimika kushuka polepole kando ya ukingo, ikivuka makorongo kwa madaraja marefu ya chuma. Madaraja hayo yangechukua muda, na vibarua waliokuwa wakitandika reli kuelekea Ziwa Victoria walihitaji vyuma, mataruma na chakula kila siku. Kwa hiyo kati ya mwaka 1900 na 1901 ilitumika njia ya muda, nayo ilikuwa reli ya kamba. Ilishuka zaidi ya mita 400, na sehemu zake kali zaidi zilikaribia asilimia 50.

Hapo behewa halikushushwa likiwa limeinamia pua yake. Lilipandishwa juu ya gari maalum la kulibebea, ambalo upande wake wa bondeni uliinuliwa ili jukwaa likae sawa ingawa magurudumu yamo kwenye mteremko. Kisha gari hilo lilishushwa kwa kamba ya chuma. Kwenye sehemu kali, behewa lenye mzigo lililokuwa likishuka lilifungwa kwenye kamba pamoja na behewa tupu lililokuwa likipanda. Hata injini za treni zilishushwa kwa njia hiyo.

Ufundi wote wa reli ya kamba umo katika kufunga mabehewa hayo mawili pamoja. Behewa la tani 10 kwenye mteremko wa asilimia 50 huvuta kamba kwa takriban tani 4.5. Likiwa peke yake, breki italazimika kuzizuia tani hizo zote 4.5. Ukilifunga na behewa tupu la tani 6 linalopanda upande wa pili, lile tupu huvuta kwa takriban tani 2.7, na breki hubakiwa na tofauti tu, yaani tani 1.8. Kazi ya kuzuia imepungua zaidi ya nusu, na juu ya hapo behewa tupu limefika kileleni bila kijiti kimoja cha kuni kuchomwa. Mizigo ilikuwa ikishuka bondeni na mabehewa matupu yakirudi juu, kwa hiyo mlima wenyewe ulifanya sehemu kubwa ya kazi.

Reli za kamba zinazobeba watalii Ulaya na Asia zinafuata kanuni hiyohiyo. Mabehewa ni mawili na kamba ni moja, nayo huzungushwa kwenye kapi kubwa kileleni. Moja likipanda, lingine linashuka, na mota hulipia tofauti ya uzito pamoja na msuguano. Yanakutana katikati. Mwanzoni ilibidi kutandika njia mbili kwa urefu wote wa mlima, mpaka mhandisi wa Uswisi Carl Roman Abt alipobuni mahali pa kupishana pasipo na swichi ya kusogezwa, mfumo ulioanza kutumika Giessbach mwaka 1879. Magurudumu ya upande mmoja wa behewa yana kingo mbili zinazokumbatia reli, na ya upande wa pili ni mapana yasiyo na kingo. Behewa moja hukumbatia reli ya kushoto, lingine ya kulia, na kila moja hufuata upande wake safari zote.

Huko Braga, Ureno, reli ya Bom Jesus do Monte imefanya kazi tangu 1882 bila mota yoyote. Behewa la juu hujazwa maji kwenye tangi lake hadi lizidi uzito wa lile la chini, likashuka, likamwaga maji chini, na zamu ikawa ya mwenzake. Stoos, Uswisi, ambako reli mpya ilifunguliwa Desemba 2017, mteremko unafika asilimia 110, nyuzi karibu 48. Vyumba vya abiria huko ni mapipa yanayozunguka ili sakafu ibaki sawa muda wote. Fundi wa ukingo wa Bonde la Ufa na fundi wa Stoos walijibu swali moja kwa vyombo tofauti.

Mizani hiyo ina gharama yake, na abiria anastahili kuijua. Mabehewa mawili yakifungwa pamoja, usalama wa yote mawili unakaa mahali pamoja. Tarehe 3 Septemba 2025, kwenye reli ya Glória mjini Lisbon, iliyofunguliwa mwaka 1885, kamba ilichomoka mahali ilipofungwa kwenye behewa la juu. Breki zilizobaki hazikuweza kulizuia. Watu 16 walikufa. Kamba ikikatika, behewa linabaki na uzito wake wote bila mwenzake wa kuubeba, na breki iliyotosha kuzuia tofauti ndogo haitoshi tena. Ndiyo sababu reli nzuri za kamba huwa na breki zinazoibana reli yenyewe na zinazojifunga zenyewe kamba ikilegea. Familia inayopanda reli ya kamba ugenini ina haki ya kuuliza mambo mawili kabla ya kukata tiketi: breki hizo zipo? Kamba ilikaguliwa lini, hasa pale inapofungwa?

Huenda mzazi wa Katelembo hatawapeleka watoto Uswisi, lakini kanuni hii anaweza kuwafundisha nyumbani. Mitungi miwili ya maji, kamba imara, na kapi lililofungwa kwenye tawi la mwembe vinatosha. Jaza mtungi mmoja hadi juu na wa pili hadi nusu. Mtoto aliyeshindwa kuuinua mtungi uliojaa atauteremsha na kuuzuia kwa mikono yake, huku ule wa nusu ukipanda. Mwachie abadilishe kiasi cha maji na aandike anachokiona. Atakuwa ameielewa Bom Jesus.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Nchini Nepal, wakulima wa milimani hutumia kamba za angani zisizo na mota. Kreti za mboga na matunda zinazoteremka kwenda barabarani hupandisha chumvi, mbolea na bidhaa za dukani. Sharti ni moja, kwamba kinachoshuka kizidi kwa mbali kinachopanda, ili msuguano nao ulipwe. Vilima vya Machakos vinatimiza sharti hilo wakati wa mavuno. Embe, parachichi na kahawa hutoka juu kwa magunia, na kinachorudi ni mifuko michache ya mbolea na unga. Leo mizigo yote miwili inakaa mgongoni mwa punda, na mara nyingi mgongoni mwa mama. Mavuno hayo yana uzito wa kutosha kuipandisha mbolea ya msimu ujao. Wanaohitajika ni wahandisi wa kaunti na walimu wa vyuo vyetu vya ufundi, waje na vipimo, wapime mteremko kwa asilimia na mzigo kwa kilo, wakae na vyama vya wakulima, na waanze na kilima kimoja.