Kimya cha maiti si ridhaa

Mimi ni mtu wa Mombasa, ila kazi imeniweka Kitale miaka sita sasa. Juzi nilikwenda Bungoma kumzika baba wa rafiki yangu. Marehemu alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, akingoja figo asiipate. Tukiwa matangani kijana mmoja akauliza: kwa nini serikali isichukue figo za wanaokufa ajalini, maadamu hawakukataa walipokuwa hai? Mzee mmoja akamgeukia. "Nani amekupa mwili wa mwanangu?"

Kijana hakuyabuni. Uhispania ina sheria hiyo tangu 1979, Wales tangu 2015, England tangu 2020. Ukifa bila kukataa, umehesabiwa umekubali. Lakini hata huko madaktari huzungumza na jamaa kwanza, na Wahispania wenyewe husema kilichowasaidia zaidi ni wahudumu waliofunzwa kukaa na wafiwa.

Kwetu Kenya mambo ni kinyume. Sheria ya Afya ya 2017 inataka ridhaa. Waweza kutoa viungo vyako kwa wasia, kwa hati yenye saini yako na za mashahidi wawili, au hata kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili. Usiposema lolote, uamuzi humwendea mume au mke, kisha mtoto mkubwa, kisha mzazi. Kwa Waislamu, Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu liliruhusu mwaka 1988 kutoa kiungo cha maiti, nalo pia likataka idhini ya marehemu au warithi.

Namhurumia yule kijana, lakini niko upande wa mzee. Kimya kinaweza kuitwa ridhaa pale tu mtu alipojua kwamba anaulizwa. Nani amemuuliza mkulima wa Kimilili? Tena mwaka 2025 serikali iliunda kamati kuchunguza madai ya biashara ya figo hapo Eldoret, si mbali na sisi. Hizo zilikuwa figo za watu walio hai, wenye uwezo wa kusema. Basi maiti atamlalamikia nani?

Niliporudi Kitale usiku ule nilimwita mke wangu na ndugu yangu, nikawaambia washuhudie: nikifa, figo zichukuliwe. Macho wasiguse. Mke wangu akauliza kwa nini macho, nikamwambia sina sababu.