Dawa ya kifafa haiachwi ghafla

Tunaulizwa sana: mgonjwa wa kifafa amekaa miezi bila kuanguka, aendelee na vidonge vya nini? Jibu ni kwamba haanguki kwa sababu anameza. Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu inayotumika sana, hutuliza ubongo, na ubongo huizoea. Ikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, mtu akaanguka mfululizo bila kupata fahamu. Hilo huua. Huku kwetu ziwani, hata kuanguka mara moja ndani ya mtumbwi kunatosha.

Wengi huacha kwa sababu ya usingizi na uchovu, hasa mwanzoni. Tunawaelewa, lakini dozi apunguze daktari, kidogo kidogo. Ukiota upele au vidonda mdomoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na hili halisemwi vya kutosha: fenobabitoni na kabamazepini hupunguza nguvu ya kijiti na vidonge vya uzazi wa mpango. Kina mama, mtajieni mhudumu dawa mnazotumia kabla ya kuchagua njia.

Wavuvi mnaokwenda kambi za Ukerewe, hesabuni vidonge vya kutosha mpaka siku ya kurudi, na viwili vitatu vya ziada ziwa likichafuka.