Lorraine Motel: Gesti ya barabarani iliyogeuka makumbusho baada ya kifo cha Dkt. King

Dereva wa lori akiingia Benaco, Ngara, usiku, na mpaka wa Rusumo bado uko mbele, hana maswali mengi. Anatafuta taa za gesti, sehemu salama ya kuegesha na chumba self.

Marekani, biashara ya namna hiyo ilipata jina lake mwaka 1925: motel, yaani "motor" na "hoteli" yakiunganishwa. Unaegesha gari mbele ya mlango wa chumba chako, asubuhi unawasha unaondoka.

Mpiga debe wake alikuwa taa ya neoni, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1910 na Mfaransa Georges Claude. Bomba la kioo linapindwa kuwa herufi, hewa inatolewa, inaingizwa gesi kidogo, kisha unapitishwa umeme wa volti nyingi. Neoni yenyewe hutoa wekundu wa kukaribia chungwa tu. Bluu inatokana na agoni na zebaki. (Na "neoni" nyingi za baa za siku hizi ni LED tu.)

Bango la aina hiyo linalojulikana zaidi duniani huenda ni la Lorraine Motel, Memphis, jimbo la Tennessee. Jina limeandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha, na chini yake kila herufi ya neno MOTEL imekaa kwenye duara lake.

Mwaka 1945 Walter Bailey na mkewe Loree, Wamarekani weusi, walinunua hoteli ndogo pale wakaiita Lorraine. Jina lilitokana na la Loree na wimbo Sweet Lorraine. Baadaye waliongeza vyumba vya motel, gari mlangoni.

Enzi hizo msafiri mweusi angeweza kuwa na hela mfukoni na bado akalala ndani ya gari, kwa sababu hoteli nyingi zilikuwa za wazungu tu. Ndiyo maana Victor Green, mfanyakazi wa posta wa New York, alianza mwaka 1936 kutoa Green Book, kitabu cha kuelekeza weusi mahali watakapopokelewa. Lorraine ilikuwamo. Ray Charles, Aretha Franklin na Otis Redding walipita hapo, na mwaka 1965 Wilson Pickett na mpiga gitaa Steve Cropper walitunga humo wimbo In the Midnight Hour.

Kisha ikaja 1968. Februari 1, wazoa taka wawili wa Memphis walisagwa na mtambo wa gari la taka. Februari 12, wenzao wapatao 1,300 waligoma wakidai usalama na malipo bora. Dkt. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, akafikia Lorraine, chumba namba 306. Aprili 4, saa 12:01 jioni, alipigwa risasi akiwa kwenye baraza ya ghorofa, nje ya chumba hicho.

Jioni hiyohiyo Loree alipata kiharusi. Alifariki Aprili 9, siku King anazikwa.

Walter hakukipangisha tena chumba 306. Lakini biashara iliporomoka, na mwaka 1982 akafilisika. Motel ikaenda mnadani, ikanunuliwa kwa dola 144,000 na taasisi iliyotaka kuihifadhi. Walter alifariki 1988, na makumbusho ya haki za raia yakafunguliwa 1991.

Si kila mtu alifurahi. Mpangaji wa mwisho, mwanamke aliyeondolewa kwa nguvu Machi 1988, aliweka meza yake ng'ambo ya barabara na kuendelea kugoma kwa miongo kadhaa. Hoja yake: fedha zile zingewajengea maskini nyumba.

Bango bado lipo. Chini ya baraza ya 306 yameegeshwa magari mawili ya zamani, Dodge ya 1959 na Cadillac ya 1968, na kwenye ukingo wa juu limetundikwa shada jeupe.