Lumbesa Nayo Inafundisha Maadili

Ndugu wanachuo, tukisikia serikali inajenga maadili ya wananchi, sisi wa ualimu akili inakimbilia darasani. Na kweli, mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Sina ugomvi nalo. Ila mtoto wa Njombe anasoma uaminifu asubuhi, jioni yuko shambani anaangalia viazi vya baba yake vikifungwa lumbesa.

Kwa asiyeijua: gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake linaongezwa lundo jingine na kushonewa kamba lisimwagike. Mnunuzi analipa kwa gunia, si kwa kilo. Kwa hiyo mkulima anatoa gunia na kitu, analipwa gunia moja. Sheria ya Vipimo ipo, wenzetu wa sheria mnaijua, na Wakala wa Vipimo kila msimu unakumbusha kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100.

Sasa viazi hivyohivyo vikipanda lori kwenda Dar es Salaam, vinakutana na mizani ya Makambako. Pale hakuna cha mjomba wala shangazi. Lori kubwa kabisa mwisho tani 56, ukizidisha unalipa. Lami inalindwa kwa mashine, mtumishi na adhabu, vyote mahali pamoja. Madereva wa barabara ile hawakuzaliwa waadilifu kuliko wanunuzi wa viazi. Wamezoea tu kwamba watapimwa.

Shambani hakuna mizani. Mkulima akikataa lumbesa, mnunuzi anahamia kwa jirani, na viazi vilivyokwisha kuchimbwa havisubiri. Yaani uaminifu unamgharimu yule anayeushika, na mtoto anaona. Kazi ya serikali naiona hapo hasa: kuhakikisha mtu mwaminifu haonekani mjinga mbele ya wanawe. Mwalimu Nyerere alilielewa hili. Azimio la Arusha la 1967 halikuishia kuwahubiria viongozi, liliwawekea masharti: usiwe na mishahara miwili, usiwe na nyumba ya kupangisha. Tuyapende au tusiyapende, yalikuwa mambo yanayoweza kukaguliwa.

Mimi nikipangiwa shule huko, somo langu la kwanza la maadili litakuwa la hesabu. Tutatafuta gunia moja la lumbesa, mizani ya kuazima na bei ya kilo moja ya viazi sokoni Makambako. Wanafunzi watapiga wenyewe, halafu jibu waende nalo nyumbani.