Same, He! Achilia Kosa (6)

Mafumbo ya maneno si ya wastaafu wenye miwani peke yao. Yanaweza kuingia hadi chumbani kwenu, wewe na mwenzi wako, mradi mkubaliane sheria moja tu.

Mpenzi msomaji, hebu tuanze na hili: Gonja imevurugika, subiri. Herufi 5.

Kama wewe ni mtu wa Same najua picha iliyokujia kichwani. Mvua imenyesha milimani, tope limeshuka barabarani, basi limekwama na konda anawabembeleza abiria watulie. Sasa futa picha hiyo. Hakuna basi wala tope. Chukua neno GONJA, zichanganye herufi zake kama unavyochanganya karata: G, O, N, J, A. Umepata nini? NGOJA. Na ngoja ni nini kama si subiri?

Umeona ilivyo? Hakuna neno lililokaa bure pale. "Gonja" ndiyo malighafi. "Imevurugika" ni amri ya kuzichanganya herufi. "Subiri" ndiyo maana ya jibu, na ile 5 inakuambia jibu lina herufi ngapi ili usihangaike na maneno marefu. Ulipewa kila kitu, ila ulikipokea kikiwa kimevaa nguo za kitu kingine.

Hilo ndilo fumbo la kificho, na ni tofauti na fumbo la gazetini tulilokua nalo, lile la "mji mkuu wa Uganda" au "kinyume cha usiku". Lile linapima unajua nini. La kificho linapima unasoma vipi.

Fumbo la kwanza la miraba lilitungwa na Arthur Wynne, Mwingereza aliyehamia Marekani, likatoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Ufundi wa kuficha uliiva zaidi Uingereza. Kuanzia 1926 gazeti la Observer la London lilikuwa na mtunzi aliyejiita Torquemada, jina la yule mkuu wa mahakama ya mateso ya Hispania, na wasomaji wake waliteseka kweli. Alipofariki 1939 akaja mwingine, Ximenes, mwalimu wa shule ambaye jina lake halisi lilikuwa Derrick Macnutt. Huyu ndiye aliyeleta nidhamu. Mwaka 1966 alitoa kitabu kizima kuhusu sanaa hiyo, na msimamo wake, kwa maneno yangu, ni huu: mtunzi ana ruhusa ya kukupotosha kwa sura ya sentensi yake, lakini hana ruhusa ya kukudanganya. Maana ya jibu lazima iwemo, njia ya kulifikia lazima iwemo, na pasiwe na takataka nyingine.

Shikilia hapo kwenye haki. Tutarudi kwenye ndoa muda si mrefu.

Lakini yetu tunayo!

Msije mkadhani haya ni mambo ya Wazungu. Sisi ni watu wa "Kitendawili! Tega!" tangu tumboni. Nyumba yangu haina mlango: yai. Ukishindwa unaambiwa nipe mji, unautoa mji wako wa watu, mtegaji anautembelea kwa maneno na mbwembwe zake, ndipo anakupa jibu. Tatizo la kitendawili, kwa maoni yangu, ni kwamba mara nyingi unakijua au hukijui. Aliyekisikia kwa bibi yake anajibu haraka, asiyekisikia anagawa miji hadi inaisha.

Karibu zaidi na fumbo la kificho ni kinyume, ule mchezo wa kuzungumza kwa kuhamisha silabi ya mwisho ije mbele, wakubwa au wageni wasielewe. Si mchezo wa jana. Askofu Edward Steere aliukuta Zanzibar akauandika katika kitabu chake cha Kiswahili cha 1870. Na Mombasa alikuwepo Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, bingwa wa kufumba na kufumbua kwa mashairi. Kwa hiyo nikikuambia "Lima kwa kinyume upate utajiri (4)", huna haja ya kwenda London. Li-ma. Ma-li. Wakulima wa mpunga wa Ndungu watakuambia kwamba mambo si mepesi kiasi hicho, lakini fumbo ni halali.

Tena Kiswahili kimebarikiwa maneno yenye sura mbili. "Ndege anayevaliwa (5)" ni KANGA. "Mnyama anayekuna nazi (5)" ni MBUZI. "Pitisha kooni samani (4)" ni MEZA. Haya ni ya kuanzia, hata mtoto wa darasa la nne atayapata akiacha kucheka.

Mzunguko wa Maore

Mimi ni Mpare wa Maore, kwa hiyo nitawatembeza kwetu. Ukitoka Same mjini kwa barabara ya Kisiwani, kulia una Milima ya Pare na kushoto una Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na leo ni Hifadhi ya Taifa. "Acha, katikati ya Mkomazi (4)". Utadhani askari wa hifadhi anamfokea mchunga ng'ombe, na kwetu hilo si jambo la kuchekesha sana. Lakini neno "katikati" linakuambia uchungulie ndani ya jina lenyewe: m-KOMA-zi. Koma ni acha.

Songa mbele. "Kata ya Same, kisiwa cha Bahari ya Hindi (5)". Mtu atajibu Kisiwani harakaharaka, halafu ahesabu herufi akute ni 8. Jibu ni MAORE yenyewe! Hivyo ndivyo Wakomoro wanavyokiita kisiwa ambacho Wafaransa wanakiita Mayotte. Sisi tunalima chini ya mlima, wenzetu wa jina hilohilo wanavua baharini.

Ndungu nayo: "Ndungu ikipoteza N moja, abaki jamaa wa damu (5)". NDUGU. Na Pare nzima ukiivunjavunja unapata tunda, PERA. Same ikichafuka inakuwa SEMA. Sijui wazee waliotupa majina haya walikuwa na mpango gani.

Wapare tunataniwa kwamba tunapenda kesi, eti mtu atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Basi fumbo la kificho ni mchezo wetu kabisa. Kila neno ni shahidi, na ukipinga jibu unatakiwa uoneshe ni wapi mtunzi alipovunja sheria.

Kanga iliyojibu watu wawili

Sasa tuje nyumbani. Wangapi wetu tunafumbiana na wenzi wetu kila siku? "Hamna kitu." "Fanya unavyoona." Mlango unafungwa kwa nguvu kidogo. Halafu tunakasirika kwamba mwenzetu hakuelewa. Jiulize: je, fumbo lako lilikuwa na njia ya kufikia jibu? Au ulimpa miraba mitupu bila herufi hata moja?

Ndugu yangu mmoja anayeishi Maore amekubali niwasimulie yake, ila majina nimeambiwa niyaache. Mumewe ni dereva wa lori, njia yake ni Dar hadi Tunduma. Alimwahidi mkewe mabati kabla ya Krismasi. Krismasi ikapita, mabati hakuna. Dada huyu hakusema neno. Mumewe aliporudi kwa siku mbili alimkuta amejifunga kanga mpya iliyoandikwa "Ahadi ni deni".

Unajua mume alifanya nini? Aliisifia rangi.

Aliyeisoma ni mama mkwe. Bibi wa watu alikuwa amekopa debe mbili za mchele kwa mkwewe tangu mavuno, hajarudisha. Alipoona neno "deni" likipita uani asubuhi na jioni, akajua ni lake. Siku ya tatu alileta hela ya mchele mbele ya watu na kusema, "Mkwe wangu, ungeniambia tu." Akakata mguu miezi miwili. Wajukuu ndio waliokuwa wakienda na kurudi.

Ukimwuliza Ximenes atakuambia hilo lilikuwa fumbo bovu. Lilikuwa na majibu mawili, na mtunzi hakuweka chochote cha kumwelekeza msomaji kwenye lile sahihi. Kwenye miraba neno linalopita wima hukagua lile linalopita mlalo: ukikosea, herufi zinagongana na unajua papo hapo. Kanga haina kinga hiyo. Nazipenda kanga, ninazo sanduku zima, lakini kanga ni barua isiyo na anwani.

Mafumbo haya ya kificho nilimwonesha dada huyu mimi mwenyewe, kwa kupoteza muda tu, naye akamwonesha mumewe. Kumbe dereva anayekaa foleni ya mpakani Tunduma ana muda mwingi wa kufikiri kuliko mhariri wa gazeti. Wakaanza kutumiana kwa meseji. Usiku mmoja dada anachambua maharage ya makande ya kesho, simu ikalia. Meseji ilikuwa fupi:

"Same, he! Achilia kosa (6)."

Kwanza alidhani mumewe analeta utani, maana "he!" ndivyo anavyoshangaa siku zote. Akakaribia kuiweka simu chini. Halafu akaona ile 6. Akahesabu kwa vidole. SAME, halafu HE. Akaziunganisha.

Ananiambia aliacha maharage.

Angeweza kuandika "nisamehe" tangu mwanzo, utasema. Angeweza. Ila dada anasema neno hilo alikuwa ameshalisikia mara nyingi hadi likawa kama "habari za asubuhi". Safari hii alilikuta mwenyewe, herufi kwa herufi, na alijua mtu fulani alikaa kwenye kibanda cha lori akizipanga kwa ajili yake. Hakulainika palepale, lakini. Jibu lake lilikuwa: "Gonja imevurugika, subiri (5)." Mume akaelewa kabla foleni haijasogea.

Mabati yalifika Februari. Kwa mama mkwe hakuna fumbo lililotumwa. Mume alikwenda mwenyewe, akamwamkia, akakaa kwenye kigoda, akaeleza moja kwa moja deni lilikuwa la nani. Hapo nampongeza. Mambo ya hela, ya ugonjwa na ya wazee waliokwishaumia yasemwe kwa Kiswahili cha kawaida. Mama mkwe siku hizi anakuja, ingawa mchele hakopi tena.

Mkitaka kujaribu

Anza na neno la jibu, usianze na sentensi. Liangalie: lina neno jingine tumboni? Linageuka? Linakatika? Kisha weka maana yake ya wazi mwanzoni au mwishoni mwa fumbo, kamwe si katikati. Herufi zihesabuni moja moja, SH ni mbili, na alama ya ng' haihesabiwi. Mwenzi wako akikwama mpe herufi moja, usimcheke. Mkibishana kama fumbo ni halali, mtunzi aeleze kila neno lilifanya kazi gani. Akishindwa kueleza, pointi si yake.

Kwa mfano, hili nililitunga kwa ajili ya toleo hili: "Ndoa na mwisho wa maneno: hapo samaki hunasa (6)". Mwisho wa neno "maneno" ni NO. Ndoa na NO ni NDOANO. Rafiki yangu mmoja ambaye hajaolewa amelipenda kupita kiasi, nami nikamtungia jingine la kumpoza: "Toa hapana katika talaka, hitaji (4)". Hapana ni LA. Ta-la-ka ikitolewa la, inabaki TAKA.

Haya, ya kwenu sasa, majibu sitoi. "Waa lililo ndani ya ndoa (3)". "Mke na nusu ya kaka hutandikwa chini (5)". "Utawala uliofichwa na mapenzi (4)". Na moja la kwetu, wala si gumu: "Fedha nyingi mno, na bado ni kata ya Same (9)".

Mkishindwa kabisa, utaratibu mnaujua, nipeni mji. Ila msinipe Same, ninayo.